Mwalimu Chemsha: kisa cha siku ya tano Maji ya Chai

Wanafunzi 14, mlezi mmoja, siku 12, basi la kukodi kutoka Moshi. Kwenye karatasi, safari yetu ya kujitolea ya Agosti ile ilikwenda vizuri kuliko zote nilizowahi kusimamia. Tulipaka rangi madarasa mawili (baadaye nikaambiwa kikundi kingine kiliyapaka Machi ya mwaka huohuo), tukachimba shimo la taka, tukagawa miswaki 200 na dawa ya meno, tukafundisha somo la maji safi mara sita. Ripoti niliyoiandika kwa mkono wangu ina kurasa 9 na picha 22. Siku ya tano haimo.

Naiandika sasa kwa sababu kila mwaka walezi wenzangu huniuliza safari hizi zinawakuza vipi wanafunzi, nami kila mwaka huwajibu kwa kisa cha mwanafunzi huyuhuyu, ila huwapa nusu yake. Nusu tamu.

Jina lake siliandiki. Watoto wa kitongoji walimpa jina siku ya pili, Mwalimu Chemsha, nami nitatumia hilo, maana hata yeye siku hizi analiitikia.

Kijana, na kijitabu changu

Chemsha alikuwa mwaka wa pili, anasoma afya ya mazingira, mtoto wa Mbagala. Kipindupindu kilipoingia Dar es Salaam Agosti 2015 alikuwa bado shule ya msingi. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alibebwa usiku, hakurudi. Tangu hapo mama yake hakuruhusu tone la maji mabichi liingie kinywani mwa mwanawe. Kwa hiyo kijana huyu akisimama kufundisha kuchemsha maji hakuwa anakariri notisi. Alikuwa anasimulia kilichomweka hai. Alisema bila karatasi. Aliwaimbisha watoto "Chemsha! Funika! Nawa!" mpaka wazee waliokuja kwa shughuli nyingine wakasimama kusikiliza. Nilimkabidhi uongozi wa somo kwa sababu hiyo, na kwenye fomu ya kumpendekeza niliandika kwamba "anajiamini sana". Ilikuwa sifa.

Kijitabu alichokifundisha nilikitunga mimi. Kurasa nane. Kilianzia Pwani, kikaenda kando ya Ziwa Victoria, kote huko kikafaa. Tulipopata mwaliko wa Maji ya Chai, wilayani Arumeru, nilibadilisha ganda: palipokuwa na mnazi nikaweka Mlima Meru. Ndani sikugusa kitu.

Aliyekulia kati ya Kikatiti na Tengeru ameshaona kosa liko wapi.

Maji yenyewe

Mlima Meru ni volkano. Mara ya mwisho kuonyesha uhai wake ni mwaka 1910, lakini miamba na majivu uliyoyamwaga zamani za kale yametandaa mpaka tambarare za chini, nayo yamejaa madini ya floraidi. Maji yanayopita humo chini kwa chini yanatoka nayo. Maji ya Chai ilipata jina kwa rangi ya mto wake, na wageni wengi hudhani rangi ndiyo ubaya wenyewe. Siyo. Floraidi haina rangi wala harufu. Maji yanaweza kung'aa kama machozi yakawa nayo tele, na chemchemi mbili zilizoachana mwendo wa dakika kumi zinaweza kuwa moja ya kunywa na nyingine ya kufulia tu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania ilikaa miaka mingi na kiwango cha 4, na haikuwa kwa ujinga: katika mikoa kama hii, kushusha kiwango ni kuwafungia watu kisima wakati hujawachimbia kingine. Siku hizi kiwango chetu nacho ni 1.5.

Ikiwa kidogo hulinda meno, ndiyo maana imo kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati meno ya ukubwani ya mtoto yanajijenga ndani ya ufizi, tangu uchanga hadi umri wa miaka minane hivi, yatachomoza na madoa meupe, ya njano au ya kahawia. Hayo madoa ni jino lenyewe, limeumbwa hivyo. Mswaki hauyafikii. Na mtu akiinywa kwa wingi miaka na miaka, inaingia mifupani, mgongo ukakakamaa, miguu ikapinda. Mimi ni mtu wa Kibosho. Tangu sekondari nimewatania wenzangu wa upande ule kwamba kujua kwao huhitaji kuuliza, mwambie mtu acheke tu. Niliujua utani, na ninachokiandika hapa juu sikukijua.

Kisha hili, ambalo ndilo lililotuangusha: moto hauondoi floraidi. Kijidudu kinakufa sufuriani, madini hayafi. Chukua lita 10 zenye miligramu 6 kwa kila lita, ziache zitokote hadi zibaki 8. Kilichopanda na mvuke ni maji matupu. Miligramu zote 60 zimebaki chini, na sasa kila lita ina 7.5. Hesabu ya darasa la saba. Hakuna aliyeipiga kati yetu, na mimi ndiye niliyekuwa na miezi mitatu ya kujiandaa.

Siku ya tano

Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, uwanja wa shule. Wingu la Agosti limeshuka kutoka mlimani, wanafunzi wangu wa Dar wamejifunika mpaka masikio. Watu kama 60. Chemsha alikuwa katika ubora wake. Alipouliza kama kuna swali, bibi mmoja aliyekaa chini ya mgrivea akainua mkono nusu.

"Mwanangu, mimi maji nachemsha tangu naolewa. Mbona meno ya wajukuu zangu yametoka hivi?"

Nilikuwa nyuma, nimeegemea ukuta wenye rangi mbichi. Nalisikia swali vizuri, na sikushtuka. Nasema hivi ili nisije nikasomeka kama mtu aliyejua akanyamaza. Sikujua.

Chemsha hakumeza hata mate. "Bibi, huenda huyachemshi muda wa kutosha. Yaache yatokote dakika 20. Na watoto wapige mswaki asubuhi na jioni, hayo madoa yataisha."

Bibi akamtazama kidogo. "Haya. Tumesikia."

Anayewajua wazee wetu anajua kwamba "haya, tumesikia" ni mlango unafungwa taratibu. Mwalimu mmoja wa pale shuleni alikuwa anaangalia viatu vyake. Baadaye aliniambia aliona si adabu kumsahihisha mgeni mbele ya hadhara, na kwamba sisi hatukuwa wageni wa kwanza kusema hivyo.

Kama kisa kingeishia hapo, ningekisahau. Usiku ule Chemsha aliweka picha kwenye stetasi yake ya WhatsApp: msichana wa darasa la nne, amecheka kwa ule wimbo, mdomo wazi, meno ya mbele ya kahawia. Chini yake: "Elimu ya usafi wa kinywa bado inahitajika sana vijijini. Tupo kazini." Na kile kikatuni cha mkono wenye msuli.

Kijana aliyekuwa anatuletea kuni alikuwa na namba yake. Kufika saa mbili asubuhi mama wa yule msichana ameshaiona. Msichana ni mjukuu wa bibi wa mgrivea; mama yake ni mkwe wa bibi.

Kwa mwenyekiti

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumpandisha Chemsha kwenye basi la Moshi asubuhi ileile, kisha mimi mwenyewe niende kuomba radhi. Nililiona ni wazo la mtu mzima. Nimelichunguza sana tangu siku ile, na ninaona lilikuwa na faida moja ambayo sikuitamka: kosa lingepanda basi pamoja na kijana, na kijitabu kingebaki salama.

Mwenyekiti wa kitongoji akakataa. "Alisema mbele ya watu," alisema. "Arudi aseme mbele ya watu. Ukimwondoa leo, nani atawaambia akina mama kwamba dakika 20 ni uongo?" Kisha akaingia kwenye historia, nikadhani mzee anapotea njia. Akanikumbusha kwamba Wameru walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 hawakungoja wa kuwasemea. Walichangishana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa, New York, akasema habari ya ardhi yao. Alinitazama alipomaliza, na ilinichukua muda kuona kwamba aliyekuwa anakatazwa kumsemea mwenzake pale ni mimi.

Mama wa msichana hakukaa. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya khanga. "Mwanangu anapiga mswaki kila siku. Ulimuuliza?"

Chemsha akaanza, "Samahani ma..." Mlango ulikuwa mtupu.

Kwetu Kibosho mkosaji huja na jani la isale mkononi, na mwenye kinyongo akiliona hawezi kukataa kusikiliza. Sisi pale tulikuwa wageni tusio na jani wala mshenga. Chemsha alikuwa ameshafuta picha, lakini watu 41 walikuwa wameitazama. Alikaa nyuma ya darasa akawapigia mmoja mmoja kuuliza kama kuna aliyeihifadhi. Wanne walikiri. Watatu wakaahidi kuifuta. Wa nne akamuuliza kwani kuna nini, mbona ni picha nzuri.

Madumu mawili

Tulikubaliana ataongea Jumapili. Alikuwa na siku tatu.

Alhamisi mchana alikwenda kwa bibi kuomba radhi na kuuliza. Bibi hakumjibu lolote, akampa dumu la lita 20, la njano, akamwambia afuatane na watoto. Walipita chemchemi ya karibu bila kusimama, wakapanda mpaka bomba moja la juu. Kwenda na kurudi ni karibu saa nzima, na kurudi ndiko kwenye mzigo. Kijana aliteleza mara mbili, mara ya pili dumu likamwaga nusu. Watoto wakarudi naye kujaza tena. Nyumbani kwa bibi akaona dumu la bluu: hilo ndilo la chemchemi ya karibu, la kufua na kuogea.

Kumbe bibi alijua. Miaka kadhaa nyuma walipita watu na chupa za plastiki, wakapima, wakasema bomba la juu lina nafuu. Tangu siku hiyo ana madumu ya rangi mbili na halali mtu kwake akichanganya. Wajukuu walioharibika meno ni wale wa kabla ya bomba. Swali la Jumatano lilikuwa mtihani, na sisi tulikuwa watahiniwa.

Chemsha aliniambia haya jioni akiwa amekaa kwenye ngazi, viganja vimechubuka. Hakuwa na huzuni ya kuigiza. Alikuwa na hasira, na ilikuwa ya haki: "Mwalimu, kwenye kijitabu hakuna neno floraidi." Nikamjibu kwamba ni kweli, halimo. Nadhani ndilo jibu la kwanza la maana nililompa tangu tutoke Moshi.

Ijumaa alipanda hiace hadi Usa River, kisha bodaboda hadi Ngurdoto. Huko Wizara ya Maji ina kituo ambacho kwa miaka mingi kimetafiti namna ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwa moto mkali na hewa kidogo, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo au tanki, maji yanapitishwa humo na floraidi inanasa. Ikichomwa vibaya, maji yanatoka na harufu na hakuna atakayeyanywa. Ikichoka, haisemi: maji yanaendelea kutoka meupe vilevile huku chujio halifanyi kazi tena, ndiyo maana lazima kuwe na mtu wa kupima na kubadilisha. Na wapo wanaouliza hiyo mifupa ni ya mnyama gani, kachinjwa na nani, swali ambalo Chemsha, Mwislamu wa Mbagala, alilielewa bila kufafanuliwa.

Alirudi na kurasa sita za daftari na jambo moja ambalo bibi hakuwa nalo: magadi. Yale magadi ya kulainishia maharage na makande yanaweza kuwa na floraidi nyingi sana. Bibi amebeba dumu la njano mlimani miaka yote, akirudi anatia magadi kwenye chungu.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kujitolea kwenyewe kulipoanza. Siku ya saba kati ya 12.

Jumamosi ilikuwa ya soko Tengeru. Kilomita chache kutoka pale tulipokuwa tunapatana bei ya nyanya ipo Taasisi ya Nelson Mandela, ambako Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji lililompatia tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015, na floraidi ni mojawapo ya vitu linavyokusudiwa kuvichuja. Chemsha aliyasoma kwenye simu ndani ya basi akatusomea kwa sauti. Kimya. Mmoja akauliza kama vitunguu vimesahaulika. Vilikuwa vimesahaulika.

Jumapili, mnadani

Sehemu kubwa ya watu wa pale ni Walutheri, na ibada ikiisha watu hubaki nje kwa mnada wa sadaka: mayai, kuku, mkungu wa ndizi, maziwa, mnunuzi anapandisha bei kwa ajili ya kanisa. Ndipo mahali ambapo kila mtu yupo na hakuna anayeharakisha. Mwenyekiti alikwishaongea na mwinjilisti. Chemsha alisubiri chini ya mti mpaka mkungu wa tatu uliponunuliwa.

Alisema dakika tano, labda sita. Hakuimba. Alisema: "Jumatano nilimwambia bibi achemshe maji dakika 20 na kwamba meno yatasafika kwa mswaki. Si kweli. Sikujua, na sikusema sijui. Kuchemsha endeleeni, kunaua vijidudu, lakini yakitokota vizuri epueni, msiyaache yapungue. Madini hayatoki kwa moto. Na meno ya watoto hapa si uchafu. Niliyeweka picha ni mimi." Kisha akaeleza magadi. Pakawa na mnong'ono upande wa akina mama, na mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa makande tutapika na nini?" Watu wakacheka, si kwa kumcheka. Mwingine akauliza chujio la mifupa litawagharimu kiasi gani kwa mwaka pamoja na kubadilishiwa. Chemsha akasema hilo hakuuliza, akaandika.

Mnada ukaendelea. Bibi akanunua trei ya mayai kwa bei ambayo sitaitaja, akachomoa sita, akamwekea kijana mkononi.

"Haya, Mwalimu. Hayo chemsha."

Nilichokisoma kwenye daftari

Huwa nawaagiza wanafunzi waandike kila jioni. Nyingi ya daftari hizo ni salamu: tumefurahi, tumejifunza mengi, tumeona mazingira. Sina ugomvi nazo. Kijana kulala siku 12 kwenye sakafu ya darasa na kupikiana kwa kuni si kitu kidogo.

La Chemsha nililisoma nikiwa na kalamu nyekundu. Siku tano za mwanzo karibu kila sentensi imejengwa kwa kauli ya kutendesha: nimewafundisha, nimewaelimisha, nimewahamasisha, nimewakumbusha. Yeye ndiye mtenda, wao ndio wanaotendeshwa. Kuanzia Alhamisi kauli inageuka: nimeambiwa, nimeonyeshwa, nimeulizwa, nimesahihishwa. Kuna moja naipenda kuliko zote, ya ile siku ya dumu: "nimebebeshwa". Sidhani aligundua anafanya hivyo. Sarufi ilikuwa inamsaliti.

Lakini maneno ni rahisi, na mwanafunzi hodari anajua mlezi anataka kusoma nini. Kilichonishawishi kilikuja mwezi wa tano uliofuata, tulipokaa kupanga safari nyingine na wenzake wakampendekeza awe kiongozi. Akasema hakubali mpaka kwanza tuandike barua kwa mwenyekiti kuuliza wanataka nini, na kijitabu kikae nje ya begi. Mimi nilikuwa nimeshatafuta bei ya rangi. Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu, maneno machache: mifereji ya bati na simtanki ya shule, kwa maji ya mvua. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, na shule ile ina paa refu ambalo kila masika lilikuwa linamwaga maji hayo ardhini bure. Tulipaka rangi ukuta wa chini yake.

Kwa hiyo ndiyo, alikua. Nimeona kwa macho yangu. Lakini mwenzangu mmoja, niliyempa hadithi hii nzima kwa mara ya kwanza, aliposema "kosa ndilo mwalimu", nilijikuta siwezi kuitikia. Kosa lilimfundisha Chemsha, sawa. Ubao lililoandikwa juu yake ulikuwa uso wa mtoto wa watu. Tunapojaza fomu za wafadhili tunaandika kwamba mwanafunzi amepata ukomavu, unyenyekevu, uwezo wa kusikiliza, na hatuna safu ya kuandika nani alilipa. Tumezoea kusema vijiji vinafaidika na wanafunzi wanakua, kana kwamba hesabu hizo mbili huenda pamoja daima. Kwa siku ya tano hadi ya saba, mmoja alikua na mwingine alipungukiwa, na wa pili hakuombwa ruhusa.

Wala sitamwachia kijana mzigo huo peke yake. Aliyeandika kijitabu ni mimi. Aliyemsifu kwa kutositasita ni mimi, na kabla yangu walikuwapo walimu wa miaka kumi na mitatu ambao kwao mwanafunzi akisema "sijui" anaambiwa asimame mpaka ajue. Tulimfundisha kujibu, akajibu. Kama ningempandisha lile basi la Alhamisi, nadhani angejifunza vilevile, ila somo lingekuwa kwamba stetasi ni hatari. Aliyetuokoa na hilo ni mzee asiye na cheti cha malezi ya vijana, ambaye ripoti yangu inamtaja mara moja tu, kwenye orodha ya tuliowashukuru, nimekosea herufi ya jina lake.

Nakala za kijitabu zilizobaki ni kama sitini, zimo kabatini. Ukurasa wa nne wa kila moja nimeubandikia karatasi yenye maneno mapya.

Mwaka uliofuata tulifika na mafundi wawili, bati, na tanki la lita 5,000 juu ya kenta. Bibi alikuwa mgonjwa ila alitoka kuona. Watoto walimkimbilia Chemsha kwa jina lake. Tulipokuwa tunapandisha mifereji, mama wa yule msichana alikuwa shambani kwake, hatua chache ng'ambo ya uzio wa shule. Chemsha alishuka ngazini, akaenda mpaka kwenye uzio, akamsalimu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema, na akaendelea kupalilia.